MAJI YA YERIKO: KUJENGA NYUMBA MAHALI PALIPOKUWA KIWANDA

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 2:19-22, Walawi 14:33-45, Nehemia 2:11-16 na 3:14, Yeremia 22:13-17.



Kila Jumapili kisha ibada, waamini wengi wanabaki wakiwa na haja za maombi. Huyu analeta mtoto mgonjwa, yule anaombea safari, mwingine deni. Lakini siku hizi kuna haja moja inayozidi nyingine: kiwanja. Mtu amesikia kwamba mahali fulani, palipokuwa karakana au depo au kiwanda cha zamani, panakatwa viwanja vya kujenga nyumba. Komisyoneri amemwambia: bei ni nzuri, wengine wamekwisha kulipa, leta nusu ya feza kesho. Basi ndugu yetu anachukua udongo kidogo wa pale ndani ya kitambaa, anauleta kanisani tuuombee na kuunyunyizia maji, ili aende kulipa kwa moyo mtulivu.

Hatukatai kuomba. Kanisa letu limezaliwa katika maombi. Lakini ninataka tujifunze pamoja jinsi nabii mwenyewe alivyofanya alipoletewa haja ya namna hiyo. Kwani ndani ya Biblia kuna mji uliojengwa mahali pa magofu, na nabii mmoja aliitwa kuuponya.

1. MAHALI PAZURI, MAJI MABAYA

Yeriko ulianguka siku za Yoshua, na Yoshua akatamka laana juu ya mtu atakayeujenga tena. Miaka mingi ikapita. Siku za mfalme Ahabu, Hieli wa Beteli akaujenga, na katika 1 Wafalme 16:34 tunasoma kwamba kazi hiyo ilimgharimu watoto wawili: mzaliwa wa kwanza wakati wa kuweka msingi, na wa mwisho wakati wa kuweka malango. Hieli alikuwa mjenzi. Alijua mawe, alijua malango. Lakini nyuma yake watu wakakaa katika mji ambao maji yake yalikuwa mabaya na udongo wake hauzai.

Ndipo Elisha akafika. Angalieni mambo manne katika habari hiyo.

La kwanza: wakaaji wa mji walisema kweli. Walimwambia nabii kwamba mahali ni pazuri kwa kutazama, lakini maji ni mabaya. Hawakuficha kilema cha mji wao ili bei ya viwanja isishuke.

La pili: Elisha hakwenda nyumba kwa nyumba akiombea mitungi. Alitoka nje mpaka kwenye chemchemi, pale maji yanapoanza. Huko ndiko alikotupa chumvi.

La tatu: aliomba chombo kipya. Hakuchukua dawa ya kuponya ndani ya chungu kichafu.

La nne: aliyeponya ni Bwana, si chumvi.

Wapendwa, wengi wetu tunalishika lile la nne na kuyaacha matatu ya kwanza. Tunataka Bwana aponye, lakini hatutaki kusema kweli juu ya mahali, na hatutaki kutembea mpaka kwenye chemchemi. Nabii hakufanya hivyo.

2. VIWANDA VYETU VILIKUFA NAMNA GANI

Ninyi vijana hamkuona, lakini wazazi wenu wanajua. Nchi hii ilikuwa na viwanda vingi. Tarehe 30 Novemba 1973 mashamba na biashara nyingi za wageni zikatolewa kwa wenyeji, na wengi waliopewa hawakuwa wamejifunza kuviongoza. Mashine zikavunjika bila vipuri. Kisha kukaja uporaji wa Septemba 1991 na wa Januari 1993, halafu vita vya 1996 na vya 1998. Mahali pengi pakabaki kuta, chuma chenye kutu, na mlinzi mmoja mzee anayechunga kitu ambacho hakipo tena.

Mji nao haukungojea. Bukavu, ambao mpaka mwaka 1954 uliitwa Costermansville, ulipangwa kwa watu wachache. Leo watu wamejaa kila kilima. Wanajenga kwenye miteremko, wanajenga ndani ya makorongo, na kila msimu wa mvua tunazika watu waliochukuliwa na udongo usiku. Wengi hapa Nyawera wanapanga chumba kimoja kwa jamaa nzima, kwa bei inayomaliza mshahara kabla ya tarehe 10.

Basi mtu asiseme kwamba mahali pa kiwanda pabaki gofu. Hapana! Kuacha uwanja wa tambarare ukiota majani wakati maskini wanalala juu ya mteremko unaotembea, hilo nalo ni zambi. Isaya 58 inatufundisha kwamba watu wa Mungu wanajulikana kwa kutengeneza palipoharibika, ili watu wapate kukaa tena. Kujenga mahali pa magofu ni kazi takatifu.

Tena inawezekana. Kule Kinshasa, katika Ngaliema, kando ya mto Kongo, kulikuwa na kiwanda kikubwa cha nguo cha Utexafrica. Wazazi wetu walivaa vitambaa vyake. Nguo za bei ndogo kutoka nje zikakishinda, na mwaka 2007 kikafungwa. Kampuni ya Texaf yenye uwanja huo haikuuacha ufe. Imejenga humo nyumba za kukaa na maofisi, na ndani ya majengo ya kiwanda cha zamani kumewekwa mahali pa maonyesho ya sanaa. Mahali pa mashine pamekuwa mtaa wa watu.

Kwa hiyo swali letu si kama inafaa kujenga. Inafaa. Swali ni: tujenge namna gani, ili nyumba isile watoto wetu kama ile ya Hieli? Ninaweka mbele yenu maswali matatu. Mtu asilipe hata franka moja kabla ya kuyauliza.

3. SWALI LA KWANZA: NINI IMO NDANI YA UDONGO?

Kiwanda hakiondoki chote siku kinapofungwa. Mabati yanaibwa, mashine zinauzwa kama chuma, lakini kile kilichomwagika kinabaki. Mafuta mabovu ya karakana yanabaki. Maji ya betri yanabaki. Dawa za kulainisha ngozi na dawa za kuzuia mbao zisiliwe na wadudu zinabaki. Mvua inanyesha miaka 20, majani yanaota, nawe ukitazama unasema: mahali ni pazuri! Ni Yeriko hiyo.

Sikilizeni habari ya Marekani, nchi ambayo wengi wetu tunafikiri mambo yake yote ni sawa. Katika mji wa Niagara Falls kulikuwa na mfereji ulioachwa bila kumalizwa, unaoitwa Love Canal. Kampuni ya Hooker ilizika humo karibu tani 21,000 za takataka za kemikali, ikafunika kwa udongo. Mwaka 1953 ikautoa uwanja huo kwa wenye kuongoza shule za mji kwa bei ya dola 1. Dola moja tu! Na ndani ya karatasi ya mauzo iliandikwa kwamba chini kumezikwa kemikali, na kwamba kampuni haitajibu kwa lolote litakalotokea. Shule ikajengwa. Nyumba zikajengwa kando yake. Kisha miaka 20 na zaidi, maji meusi yakaanza kutoka ndani ya vyumba vya chini, watoto wakaungua ngozi wakicheza. Mwaka 1978 Rais Jimmy Carter akatangaza hali ya hatari, na mamia ya jamaa wakaondolewa katika nyumba zao. Ndugu, bei ikiwa ndogo mno, uliza ni nani atakayelipa sehemu iliyobaki.

Tusiende mbali. Hapa karibu, nchini Zambia, mji wa Kabwe ulikuwa na mgodi wa risasi na zinki ulioanza mwaka 1906 na kufungwa mwaka 1994. Ninaposema risasi si ile ya bunduki peke yake. Ni yale madini laini ya kijivu yaliyo ndani ya betri za gari. Mgodi umefungwa zaidi ya miaka 30, lakini katika mitaa iliyo karibu nao, kama Kasanda na Makululu, waganga waliopima damu ya watoto wanaikuta risasi mpaka leo. Inatoka katika vumbi la uwanja ambamo mtoto anacheza, kisha anatia mkono kinywani.

Na kule Mombasa, Kenya, katika kijiji cha Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Mama mmoja aliyefanya kazi humo, Phyllis Omido, aliona mtoto wake wa kunyonya anaugua. Walipompima wakakuta risasi ndani ya damu yake. Mama yule hakunyamaza. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ikaamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Uamuzi huo ukapingwa na kuondolewa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha. Miaka mingi ya kupanda na kushuka mahakamani! Kweli inachoka njiani, lakini inafika.

Sasa nisikilizeni vema, kwa sababu hapa ndipo jambo hili linapoingia ndani ya kanisa. Risasi haina harufu. Haina ladha. Mtoto anayeimeza haanguki siku ileile. Anapungua pole pole: tumbo linamuuma, damu inakauka, hakui kama wenzake, akili inakuwa nzito, shuleni anarudia darasa. Mama mwenye mimba anaweza kupoteza mimba. Basi jamaa inakaa katika kiwanja kipya, miaka miwili inapita, mambo hayo yanatokea, na watu wanaanza kuuliza: ni nani anayetuloga? Wanatazama mlango wa jirani. Na mara nyingi wanamtazama mama mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea.

Wapendwa, katika jimbo letu wamama wazee wamepigwa, wengine wameuawa, kwa maneno ya namna hiyo. Mimi ni shemasi wa kanisa la kinabii. Ninaamini kwamba Roho anaonyesha mambo yaliyofichwa. Lakini Roho aliyemwongoza Elisha alimpeleka kwenye chemchemi, hakumpeleka kwa bibi kizee. Anayesema ameonyeshwa mchawi, naye hajauliza udongo una nini, huyo ameharakisha mbele ya Mungu. Na damu ya mtu asiye na kosa ni laana kubwa kuliko ile ya Yeriko.

Someni Walawi 14. Mwenye nyumba akiona alama mbaya ukutani, ni yeye mwenyewe anayekwenda kumwambia kuhani. Kuhani anafanya nini kwanza? Anatazama. Anaagiza vitu vitolewe, anaingia, anapima kina cha ile alama. Kisha anafunga nyumba siku 7 na kurudi kutazama tena. Alama ikiwa imeenea, mawe yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa, na vumbi lake linapelekwa nje ya mji, mahali palipowekwa kwa ajili ya uchafu. Si kwenye korongo la jirani. Si ndani ya Ziwa Kivu ambamo tunateka maji na kuvua sambaza. Kisha mawe mapya yanatiwa. Na kama ugonjwa ukirudi, nyumba yote inabomolewa, hata kama mwenyewe analia.

Ndivyo wanavyofanya pia wenye elimu ya siku hizi. Kule London, upande wa mashariki, Stratford, palikuwa na viwanda vya zamani vya kila namna. Walipotaka kuweka pale michezo ya Olimpiki ya mwaka 2012, walichimba udongo na kuuosha kwa mashine, karibu tani milioni 2, ndipo wakajenga. Kisha michezo, nyumba za wanamichezo zikageuzwa kuwa mtaa wa wakaaji. Walitazama kwanza. Ni Walawi 14 hiyo, hata kama hawakuisoma.

4. SWALI LA PILI: JASHO LA NANI LIMO NDANI YA UDONGO?

Kuna sumu ambayo hakuna mashine ya kuipima. Yeremia 22 inamwambia ole mfalme aliyejijengea nyumba kubwa, yenye madirisha mapana na rangi nyekundu, akamtumikisha mwenzake bila kumlipa. Habakuki 2 inasema hata jiwe litalia kutoka ukutani. Na Yakobo 5 inasema mshahara uliozuiliwa una sauti, nayo inafika masikioni mwa Bwana.

Kivu yetu inajua jambo hili. SOMINKI, kampuni kubwa ya madini iliyoanzishwa mwaka 1976, ilivunjwa mwaka 1997, na wafanyakazi wake wa zamani walidai malipo yao ya mwisho kwa miaka mingi. Wako waliokufa wakiwa na karatasi ya madai ndani ya sanduku. Basi unapoonyeshwa uwanja wa kiwanda chochote kilichokufa, uliza: wale waliofanya kazi hapa walilipwa? Kama uwanja unauzwa, feza inakwenda kwa nani? Kwa wale wenye madai, au kwa mtu mmoja mwenye cheo na mjomba wake?

Uliza tena: ni nani anayekaa hapo sasa? Mara nyingi ndani ya kiwanda kilichokufa mnakaa jamaa za wafanyakazi wa zamani, wajane, watu waliokimbia vita. Wamejificha nyuma ya mabati. Siku moja watu wanakuja na kuwatoa, vyombo vinatupwa barabarani, na kesho yake viwanja vinauzwa. Utalala namna gani mahali ambapo mwingine aliondolewa usiku? Utaomba amani ya nyumba hiyo kwa kinywa gani?

Na makaratasi! Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliweka kwamba udongo wa nchi ni mali ya Serikali, na mtu anapata haki juu yake kwa njia ya cheti kilichoandikishwa, kile tunachokiita sertifika. Kwa hiyo neno la komisyoneri halitoshi. Karatasi ya mashahidi wawili, yenye kidole gumba, haitoshi. Viwanja vya makampuni ya zamani ndivyo vinavyouzwa mara mbili na mara tatu, kwa sababu mwenyewe yuko mbali, au alikufa, au ni kampuni iliyovunjwa ambayo hakuna anayejua mrithi wake. Kumbukeni Abrahamu katika Mwanzo 23. Alipotaka mahali pa kumzika Sara, wenyeji walitaka kumpa bure. Akakataa. Alilipa bei kamili, mbele ya watu wote, langoni pa mji, na mipaka na miti ikatajwa. Baba wa imani hakununua kiwanja gizani.

5. SWALI LA TATU: MTAA HUU NI KWA NANI?

Nyumba 100 zikisimama pamoja si mtaa bado. Mtaa ni njia ambayo gari la wagonjwa linaweza kupita. Ni bomba la maji. Ni shule, zahanati, mfereji wa mvua, mahali pa kutupa takataka. Mnajua moto unavyokula nyumba za Kadutu: gari la kuzima moto linafika lakini halina pa kuingilia, kwa sababu kila mtu alijenga mpaka kwenye ukuta wa mwenzake.

Wazee wanakumbuka ile OCA iliyoanzishwa mwaka 1952 wakati wa Wabelgiji. Ilijenga nyumba za Bagira. Hatusifu ukoloni, watu weusi waliwekwa mbali na rasi za ziwa, hilo tunalijua. Lakini aliyepanga Bagira alichora njia kwanza, kisha nyumba. Je, sisi tulio huru tushindwe na hilo?

Someni Nehemia. Alipofika Yerusalemu hakutangaza kitu siku tatu. Alitoka usiku na watu wachache, akazunguka akitazama kuta zilizobomoka, mpaka mahali mnyama wake hakuweza kupita. Alipima kwanza, akasema baadaye. Kisha kazi ikagawanywa, kila mmoja na sehemu yake. Na katika sura ya 3, mstari wa 14, limo jina moja ambalo watu wanalipita bila kusimama: Malkiya, mkuu wa wilaya, yeye ndiye aliyetengeneza Lango la Jaa. Lango la takataka! Mkubwa hakuchagua lango zuri ili jina lake lisomwe. Alichukua lile ambalo uchafu wa mji unapitia, akaweka milango, makomeo na vyuma vyake. Bwana na atupe wakuu wa namna hiyo, na atupe waamini wa namna hiyo.

Tena ni kwa nani? Nimewaambia habari ya Kinshasa. Kazi ile ni ya bidii, na mwenye uwanja ana haki ya kujenga. Lakini nyumba zile ni za watu wa maofisi makubwa na wageni wenye kulipa kwa dola nyingi. Ndivyo inavyokuwa katika miji mingi ya dunia: mahali pa wafanyakazi panapotengenezwa, wafanyakazi hawawezi tena kupalipia. Hakuna sheria ya Mungu inayokataza nyumba nzuri. Iko sheria inayokataza kumsahau maskini. Shamba likivunwa, pembe zake ziachwe kwa maskini na mgeni. Ni Walawi 19. Basi uwanja wa kiwanda ukikatwa viwanja, pembe zake ziko wapi? Ni viwanja vingapi vilivyowekwa kwa ajili ya wale waliotoa nguvu zao hapo, na kwa wale wanaolala kwenye miteremko?

6. BASI TUFANYE NINI?

Ninajua kwamba hatuna mashine za London. Hata hivyo hakuna jamaa isiyoweza kufanya mambo haya:

a) Tafuta mzee aliyefanya kazi pale. Muulize: mlitengeneza nini? Mlimwaga wapi uchafu? Pipa la mafuta lilizikwa wapi? Betri zilivunjiwa upande gani? Mzee mmoja anajua kuliko makomisyoneri 10. Mpe heshima yake, mnunulie chai.

b) Tazama udongo mwenyewe, mchana, kisha mvua. Una rangi gani? Maji yake yana mafuta juu? Pana mahali majani hayaoti? Lakini ujue kwamba risasi haionekani. Kwa hiyo mkiwa wanunuzi wengi, changeni, mkaulize wenye elimu wa vyuo vikuu vya hapa mjini na wa kituo cha Lwiro namna ya kupimisha udongo. Garama ya watu 40 wakichanga ni ndogo kuliko jeneza moja.

c) Ukiwa umekwisha kujenga mahali pa namna hiyo, usikate tamaa. Leta udongo safi, funika uwanja ambamo watoto wanacheza. Tia simenti ndani ya nyumba. Usipande lengalenga wala mihogo ya sombe karibu na palipomwagwa uchafu. Watoto wanawe mikono kabla ya kula. Fagia kwa maji, usitimue vumbi. Na ninyi mama wenye mimba mnaokula udongo, ninawasihi kwa jina la Bwana, acheni. Mtoto akidhoofika, mpeleke kwa muganga wa hospitali, umwambie mnakaa mahali gani palipokuwa nini.

d) Usilipe peke yako wala kwa siri. Tazama sertifika kwenye ofisi ya viwanja. Uliza shefu wa avenyu na majirani. Lipa mbele ya mashahidi, upewe karatasi.

e) Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, kaeni pamoja mkubaliane njia, mfereji na choo. Anayekula nusu mita ya njia leo anazuia jeneza la mama yake kesho.

f) Ukigundua kilema, usimuuzie mwingine ukinyamaza. Watu wa Yeriko walisema kweli, ndiyo sababu waliponywa. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, dunia ilitikisika hapa Bukavu, na nyumba nyingi zikapasuka. Wako waliopaka rangi juu ya ufa na kupangisha. Matayo 23 inazitaja kaburi zilizopakwa chokaa. Msipake chokaa juu ya kifo.

Mkiisha kufanya hayo, njoni na maombi yenu. Tutakwenda pamoja, mashemasi, wanaimbaji na wazee, si kwa udongo wa kitambaa, bali mpaka mahali penyewe. Tutazunguka mipaka yote tukiimba. Tutamwita mzee aliyefanya kazi pale atuambie majina ya wenzake waliokufa, nasi tutayataja mbele za Mungu. Ndipo tutaomba maji yake yawe mazuri.

Bwana aliyeponya chemchemi ya Yeriko hajabadilika. Anangojea tu watu watakaosema kweli juu ya mji wao, na watakaomletea chombo kipya.

Ee Bwana, utupe macho ya Nehemia ya kutazama usiku, miguu ya Elisha ya kufika kwenye chemchemi, na mikono ya Malkiya isiyoona haya kugusa jaa. Uchunge watoto wetu wasile kile tulichokificha. Uwakumbuke wenye jasho lisilolipwa. Utupe mji wa kukaa. Amina.

Shemasi, Tawi la Nyawera